Uti wa Jani

Ovide Naquin alinipigia Oktoba,
wiki moja kabla kiwanda hakijawashwa.
"Shamba langu linazeeka," alisema,
kama mtu atoaye habari za mkewe.

Napoleonville, Luiziana. Udongo mweusi, mzito,
unang'ang'ania buti kama mtoto asiyetaka uondoke.
Nilishuka na kisu, mifuko arobaini ya karatasi,
na kalamu isiyofutika.

Umanjano una wazazi wengi, nilimwambia.
Njaa ya naitrojeni huanzia majani makuukuu, ya chini.
Maji yakituama mizizini, safu nzima hupauka pamoja.
Baridi huunguza ncha, halafu huondoka bila kuaga.
Tusimfunge wa kwanza tutakayemkuta njiani.

Hakunijibu. Akapindua jani
kama mtu akaguaye noti ya bandia,
akanionyesha tumbo lake:
uti, toka shina hadi ncha, njano ya ndimu iliyoiva,
na upande wa juu bado kijani, bado unajisifu.
Jani la tatu. La nne. La tano.
Na pale kwenye mkunjo, vidukari,
weupe wa maziwa yaliyochacha,
wametulia kama wenye nyumba.

Kikulacho, nikaanza. Sikumaliza.
Mtibwa, nilikokulia, mtu angenimalizia.
Hapa ingehitaji tafsiri, na jua lilikuwa linashuka.

Kisu chako hakina hatia, nilimwambia,
maana nilimwona anavyokitazama.
Ugonjwa huu haupandi makali ya chuma.
Hupanda mdomo wa mdudu, kisha hupanda mbegu,
na mbegu ya muwa ni muwa wenyewe,
pingili zilizolazwa mtaroni zingali hai:
mama na mwana mwili mmoja,
utomvu mmoja, deni moja.

Maabara, saa nne usiku.
Kila uti nikaukata mkato mmoja,
nikaugandamiza kwenye karatasi nyeupe
kama kidole gumba cha mpiga kura.
Nikaosha. Nikatia dawa. Nikanywa chai iliyopoa.
Penye virusi, mishipa hujitokeza zambarau,
vidoti vidogo, kimoja, kisha kundi,
kama taa za kijiji umeme unaporudi.

Thelathini na moja kati ya arobaini.
Na nane kati ya hizo
zilitoka kwenye miwa ya kijani kabisa,
ile niliyoichukua ya kulinganishia tu,
ile aliyoipiga kofi la mapenzi akisema, "Hii haina neno."

"Dawa?"
Hakuna.
Kunyunyizia vidukari sasa
ni kufunga mlango mwizi akiwa sebuleni.
Hii isage, sukari yake bado ni sukari,
ingawa mizani itakudhulumu.
Visiki vilime, usiviache vichipue.
Nunua mbegu iliyokuzwa chupani kutoka kwenye ncha ya chipukizi,
yenye cheti, ya aina inayostahimili,
na uipande mbali na hapa. Mbali kweli.
Usikate mbegu shambani humu tena. Hata pingili moja.

Akakaa kwenye ngazi ya trekta.
Mbegu hii, alisema, aliichagua Lucien, kaka yake,
muwa kwa muwa, mwaka kabla ya kimbunga.
Nilidhani atalia. Badala yake akahesabu vidole.

"Nimegawa," alisema. "Agosti. Matrela matatu.
Kwa Verret. Kwa Bi Odalie ng'ambo ya kijito.
Kwa yule kijana anayeanza, hakuwa na hela,
nilimwambia chukua, utalipa ukivuna."

Fomu yangu haina safu ya jambo hilo.
Nikaiacha kalamu mfukoni.

Akaomba nakala tatu za matokeo.
Akachuma jani moja, akaliweka juu ya dashibodi.
Nikamfuata nyuma, taratibu, hadi nyumba ya kwanza.
Taa ya baraza ilikuwa inawaka.
Alizima injini, wala hakushuka.
Kupitia kioo niliiona mikono yake:
ilikuwa inaligeuza jani,
juu, chini,
juu, chini,
ikitafuta upande wa kuanza nao.